Salme na Daftari la Watoto

Miaka michache iliyopita niliandika kurasa thelathini hivi juu ya marehemu baba, zisomwe na wanangu waliozaliwa hapa Ilford. Niliandika yote: ukali wake, madeni yake, na siku niliyomkuta analia jikoni. Nakala moja nikampa ndugu yetu mmoja, kwa nia njema. Wiki haikwisha, dada yangu akapiga simu kutoka Tanga: "Kaka, baba umemfunua mbele ya watu." Nilikosa jibu. Mimi ni mhandisi, nazijua vali zinazopitisha maji upande mmoja tu. Sikuwaza kwamba maneno nayo ni hivyo hivyo.

Tangu siku ile namfikiria sana Sayyida Salme. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Said bin Sultan. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kalamu haikukawia kumponza. Mwaka 1859 aliandika barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid. Njama ikashindwa.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa mja mzito. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1875 alikuja hapa London akitaka kuonana na Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani. Hawakuonana.

Baada ya hapo akaanza kuwaandikia watoto wake habari za maisha yake, maana hawakujua mengi juu ya asili ya mama yao. Alieleza mwenyewe kwamba hakukusudia zisomwe na umma. Lakini marafiki walimshawishi, na mwaka 1886 kitabu kikatoka Berlin. Tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1888.

Hivyo daftari la watoto watatu likawa mali ya wageni. Watu wa Ulaya wakaingia mpaka vyumba vya ndani vya Mtoni, wakasoma masuria waliishije na ndugu gani aligombana na nani. Mama yake alikuwa keshafariki zamani, hakuweza kuombwa ruhusa. Hata hivyo tusimhukumu upesi. Bila yeye, habari za wanawake wa kasri lile tungezipata kwa wanaume wa kigeni ambao hawakuvuka kizingiti chake.

Kinachonigusa zaidi ni kile alichokizuia. Mapenzi yake na Ruete kitabu kinayapita haraka. Majonzi ya ujane na upweke wa Ujerumani aliyaweka kando, katika barua kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina. Hakuzichapisha maishani mwake. Alifariki Jena mwaka 1924, na barua zikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1993. Nyumba ya wazazi aliifungua yeye mwenyewe. Chumba chake kilifunguliwa na wengine, miaka 69 baada ya kifo chake.

Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wahenga. Ila kata ikianza kusimulia, mtungi hauulizwi.

Nakala iliyokwisha kutoka sikuweza kuirudisha. Lakini nilimtumia dada kurasa zote, nikamwomba akate anachotaka. Madeni aliyafuta. Baba kulia jikoni hakukugusa. Pembeni aliandika kwa kalamu: "Hata mimi nilimwona."