Polima ya ufyonzaji mkubwa

Polima ya ufyonzaji mkubwa ni polima inayoweza kufyonza maji yenye uzito mara nyingi kuliko wake na kuyashika hata ikibanwa. Inayojulikana zaidi ni poliakrileti ya sodiamu, unga mweupe uliomo ndani ya nepi na taulo za kike. Ikilowa huvimba na kuwa jeli. Tabia hiyo hutumika pia katika utengenezaji wa dawa na katika kemia.

Jinsi inavyofanya kazi

Polima hii ni minyororo mirefu ya molekuli iliyounganishwa kama wavu. Minyororo hubeba ioni hasi, na kando yake kuna ioni za sodiamu. Maji huingia kwa osmosi, ioni hasi husukumana na wavu hutanuka. Viungo vya wavu huizuia polima isiyeyuke.

Gramu moja inaweza kufyonza mamia ya gramu za maji safi. Chumvi hupunguza uwezo huo: katika maji yenye chumvi ya asilimia 0.9 hufyonza takriban gramu 50 au pungufu. Ute wa mlenda na bamia hushika maji kwa njia inayofanana, ingawa kwa kiasi kidogo.

Historia

Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague walieleza jeli za maji zinazofaa kutumika mwilini. Katika muongo huohuo watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walianza kutengeneza polima za ufyonzaji kwa kutumia wanga wa mahindi.

Matumizi katika dawa

Dawa ikiwekwa ndani ya jeli hutoka polepole kadiri maji yanavyoingia. Jeli za asidi ya poliakriliki hubaki zimesinyaa katika asidi ya tumbo na huvimba utumbo mdogo, hivyo dawa hutolewa huko. Vidonge vya metformini vya kutoa dawa polepole, kwa wagonjwa wa kisukari, hutumia polima za jamii ya karibu. Vidonge hivyo humezwa vizima. Vikisagwa au kutafunwa, dozi yote inaweza kutoka kwa mara moja.

Matumizi katika vichocheo

Chembe ndogo sana za fedha au paladi hutengenezwa ndani ya wavu, ambao huzizuia zisigandamane. Mmenyuko unaotumika sana kuzipima ni kugeuza nitrofenoli kuwa aminofenoli, kemikali inayotumika kutengeneza parasetamoli. Baada ya kazi jeli hutolewa na kutumika tena.

Matumizi katika kilimo

Polima zenye potasiamu huchanganywa na udongo ili kuhifadhi unyevu. Zinafaa hasa sehemu zenye kiangazi kirefu, kama Mpanda na mkoa wa Katavi kwa jumla, ambako mvua hunyesha zaidi kati ya Novemba na Aprili. Udongo wenye chumvi nyingi hupunguza faida yake.

Tahadhari

Shanga za kuchezea zinazovimba majini zimetengenezwa kwa polima hizi. Mtoto akizimeza zinaweza kuziba utumbo, hivyo apelekwe hospitali mara moja.