Mafundi wa Breki wa Busia na Tororo

Katika sanaa zote za gereji zilizokulia baina ya Busia na Tororo, sijui iliyohitajiwa na wengi na kusifiwa na wachache kama ile ya kunyamazisha breki zinazolia; na sababu yake si uduni wa kazi yenyewe, bali ni kwamba wenye kuifanya aghalabu waliifanya chini ya mti au kando ya ua wa nyumba, bila kibao wala cheti, na wateja wao walikuwa wapita njia ambao, breki zikishanyamaza, walishika njia ya Jinja au ya Kisumu wasiulize tena habari za fundi.

Mpaka wa Kenya na Uganda unaopita hapo si wa kale. Hata kufika tarehe 1 Aprili 1902, nchi ya kuanzia hapo hadi kupita Kisumu ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda, kisha Waingereza wakaihamishia himaya yao ya pili, iliyokuja kuwa Kenya. Na mwaka 1926 mstari ukathibitishwa kwa amri ya kifalme, ukifuata mito ya Malaba na Sio, hata Wateso na Wasamia, kila watu kwa upande wao, wakajikuta wamegawanywa chini ya serikali mbili. Tororo ilijaaliwa reli, ambayo mwaka 1931 daraja la Jinja liliifikisha Kampala, na katika miaka ya 1950 ikapata kiwanda cha saruji, kwa hiyo kazi ya chuma huko ilikuwa na waajiri na mishahara. Busia haikupata reli. Ilipata barabara tu, na mtu wa barabara hana budi kujitengenezea mwenyewe.

Mwalimu wake wa kwanza wa breki ilikuwa baiskeli. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwapakia abiria kwenye keria ili kuwavusha baina ya vituo viwili vya forodha, katika ile ardhi ya katikati ambayo motokaa isiyo na karatasi haikuruhusiwa kuikanyaga, na hapo ndipo ilipozaliwa bodaboda ambayo leo imeenea Afrika Mashariki nzima. Baiskeli zile nzito zilishikwa kwa fimbo za chuma zilizovuta vipande vya mpira hadi kwenye rimu, na mwenye kubeba mtu mzima pamoja na gunia lake katika tope la masika alijua upesi kwamba mpira uliokauka hulia, uliolowa huteleza, na uliokaa upande hufanya yote mawili. Mkono uliojua kukunja fimbo ile ikae sawa haukupata taabu kubwa ulipokabidhiwa spana ya lori.

Kisha ikaja miaka ya dhiki, nayo, kwa rai yangu, ndiyo iliyomfunza fundi wa mpakani kuliko chuo chochote. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, maduka ya vipuri yaliyokuwa mikononi mwao yalifungwa au yakaangukia watu wasiojua biashara ile. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Na katikati ya hayo, baada ya baridi kali kuiharibu mibuni ya Brazili mnamo Julai 1975, bei ya kahawa ikapaa duniani, hata kahawa ya Uganda ikawa inavuka usiku kuingia Kenya kwa baiskeli, kwa punda na kwa vichwa vya watu, huku sabuni, sukari na vipuri vikirudi kwa njia zile zile. Soko la Chepkube, kaskazini kidogo katika nchi ya Bungoma, lilipata sifa zake kwa magendo hayo. Basi lori lililokuwa Tororo likihitaji breki halikungoja barua kutoka Ulaya: fundi aling'oa lainingi iliyokwisha, akakata nyingine kutoka gari bovu, akaitoboa, akaipiga ribiti za shaba, akaichonga kwa tupa hata ikalala vema ndani ya dramu. Lainingi ile ikilia, alijua kwamba haikulala; aliifungua, akatazama pale ilipong'aa, akapiga msasa, akairudisha. Sikuelewa kamwe kwa nini kazi ya namna hii huitwa ya kubahatisha.

Breki ya diski, ambayo watu wengi huidhani kuwa uvumbuzi wa juzi, ni hirimu moja na mpaka uliohamishwa. Mwaka ule ule wa 1902 mhandisi Frederick Lanchester, huko Birmingham, alisajili hataza ya bamba la mviringo lililozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa pande zote mbili. Walakini vibanio vyake vilikuwa vya shaba, navyo vilipigia kelele za kuchukiza, mpaka miaka michache baadaye Herbert Frood, mwasisi wa Ferodo, alipovivisha asbesto. Kwa hiyo mlio umezaliwa pamoja na chombo chenyewe. Diski zilipata heshima mwaka 1953, Jaguar ilipoyashinda mashindano ya Le Mans kwa kuzitumia, na kwetu zilizoeleka kwa Peugeot 504, zile zilizokuwa zikipakia abiria wa safari ndefu, na baadaye zaidi kwa motokaa kuukuu za Kijapani zilizofurika tangu miaka ya 1990.

Hapo maarifa ya dramu yalihitaji kugeuzwa, ila si kutupwa. Pedi hulia kwa sababu hutetemeka dhidi ya diski, ikishika na kuachia mara nyingi mno kwa nukta moja. Na kinachoiruhusu kutetemeka aghalabu ni vumbi lililoganda, uso wa pedi uliochomeka ukawa kama kioo, pini za kalipa zilizokauka zisiteleze, au kile kibati cha nyuma ya pedi kilichopotea kwa fundi aliyekiona hakina kazi. Mwenye jeki, spana na subira aweza kuyamaliza haya uani kwake: azuie magurudumu kwa mawe, aegemeze gari juu ya stendi imara wala asiiamini jeki peke yake, afungue gurudumu, aitundike kalipa kwa waya isije ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta, asugue pedi taratibu kwa msasa, asafishe pini na kuzipaka grisi ya breki, kadhalika mgongo wa pedi kidogo sana, na kabla ya kuondoka akanyage pedali mara kadhaa hata iwe ngumu. Usoni mwa pedi grisi isifike kabisa. Nimewaona wenye magari wakinyamazisha mlio kwa mafuta, nao hawakunyamazisha ila breki yenyewe.

Jambo moja katika urithi huu halifai kuendelezwa, nalo ni ile desturi ya kupuliza vumbi la breki kwa mdomo. Lainingi za zamani zilijaa asbesto, yenye kuleta saratani ya mapafu na ya utando wake baada ya miaka mingi, na ingawa Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kabisa mwaka 2005, hakuna awezaye kuapa juu ya kila pedi ya bei rahisi iliyomo sokoni. Tambara lililoloweshwa latosha.

Mnamo Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, na leo pedi mpya hupatikana pande zote mbili kwa bei ambayo haimlazimu mtu kupiga ribiti. Ndiyo maana vijana wengi wa gereji hawajaigusa kazi hiyo. Si hasara ya kuombolezwa sana. Lakini msomaji mwenye gari na asikilize vema: mlio mwembamba waweza kusafishwa nyumbani, ama mkwaruzo wa chuma kwa chuma, au diski iliyopungua chini ya kipimo kilichochapwa ubavuni mwake, dawa yake ni kununua mpya, na gari lisiondoke uani kabla ya hapo.