Mzee Ojwang' na Sauti ya Nyanza Kusini

Wakenya wanapoikumbuka runinga ya zamani, hawakawii kumtaja Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, na katika Homa Bay na Migori jina hilo hutajwa kana kwamba ni la mwana wa nyumbani. Sivyo. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeimudu lafudhi ya Mjaluo hadi watazamaji wengi wakadhani alizaliwa nayo. Mama Kayai, mkewe wa kwenye kioo, aliigizwa na Mary Khavere, naye si Mjaluo. Kwa hiyo sauti ya Nyanza iliyovuma zaidi katika runinga ya taifa ilikuwa ya kuigwa, tena iliigwa Nairobi. Hilo halimpunguzii Wanjau sifa hata chembe. Ila linatudai tuulize watumbuizaji wenyewe wa Nyanza Kusini, wilaya ya zamani iliyozaa kaunti hizi mbili, walikuwa wapi wakati huo.

Walikuwa kwenye santuri na redio. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, ikawa chini ya Sauti ya Kenya, VOK, kuanzia 1964, lakini kwa miongo mingi ilibaki kitu cha mjini na cha wenye umeme. Kijijini, aliyekuwa na seti aliiwasha kwa betri ya gari, na jirani wakajaa sebuleni. Redio haikuhitaji hayo yote. Ndiyo maana muziki wa benga ulienea bila kuingojea kamera. D. O. Misiani alizaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori upande wa Tanzania, akaiongoza bendi ya Shirati Jazz na kutunga mafumbo ya siasa yaliyomtia mashakani na serikali zaidi ya mara moja. Phares Oluoch Kanindo, aliyekuja kuwa mbunge wa Homa Bay, alizalisha na kuuza santuri zilizofika mbali kuliko kipindi chochote cha VOK: Zimbabwe, benga yenyewe iliitwa kanindo, na muziki wa sungura ulipata jina kutokana na nembo yake ya santuri. Vitimbi havikuwahi kuupa muziki wa nchi nyingine jina.

Wapo watakaosema hoja hii inaonea. Kwanza, watu wa Nyanza Kusini walimpenda Ojwang' kwa hiari yao, na kila kabila lilitaniwa. Ni kweli, na tena Ojwang' hakuwa mjinga wa kuchekwa tu; mara nyingi ujanja ulikuwa wake. Lakini kumpenda mwigaji hakuzuii kuona kwamba mwandishi, studio na mkoba wa fedha vilikuwa Nairobi, kwa hiyo Mjaluo wa runinga alikuwa yule ambaye Nairobi ilitaka kumcheka. Pili, inasemwa chombo cha taifa kililazimika kutumia Kiswahili na Kiingereza, na Dholuo kilikuwa na saa zake redioni. Pingamizi hili lina uzito zaidi, na kwa kweli linanisaidia: mgawanyo huo ndio uliofanya kizazi kizima kiwe na kumbukumbu mbili, moja ya kutazama na nyingine ya kusikiliza, kisha siku hizi ikaadhimishwa ile ya kwanza peke yake.

Sababu ya upendeleo huo nadhani ni nyepesi. Waliokuwa na runinga, popote nchini, walitazama kipindi kilekile kwa wakati mmoja, kwani hadi KTN ilipoanza mwaka 1990 hapakuwa na stesheni nyingine. Kwa hiyo inakumbukwa kwa pamoja, ilhali benga inakumbukwa kwa lugha. Hata hivyo santuri ziliwekwa na watu majumbani, na mwaka 2008 Ketebul Music ikatoa mkusanyo wa kufuatilia historia ya benga. Lakini wenye haki ya kulalamika kuliko wote ni Wakuria wa Kehancha, huko huko Migori, ambao katika Vitimbi hawakupata hata mwigaji aliyevuma kama Ojwang'.