Majaribu, Kishawishi na Moto wa Sonara

Kwenye misiba inayokutanisha Wakatoliki na Walutheri, Sala ya Bwana huenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Hapo sauti hugongana: hawa wanasema "majaribuni", wale "kishawishi", na pande zote mbili hupunguza sauti kidogo ili kusikia wenzao wamesema nini.

Neno la Kigiriki wanalogombea ni moja, peirasmos, na limebeba mambo mawili: kupimwa hadi ijulikane mtu ana nini ndani, na kuvutwa ili aanguke. Wakatoliki wameegemea la pili. Lakini kishawishi hakikosi mshawishi, na mshawishi kwa kawaida hana nia njema. Ukilipeleka neno hilo mbele ya Mungu, ni kama unamsihi asifanye kazi ya Ibilisi. Si Kiswahili peke yake kilichobanwa hapo. Desemba 2017 Wakatoliki wa Ufaransa walibadili maneno ya ombi hilo, wakawa wanaomba Mungu asiwaache waingie humo, isije ikaonekana yeye ndiye anayewasukuma.

Jaribu halina haraka ya kuhukumu, nami nalipenda kwa hilo. Fungua Biblia ya Muungano ya 1952. Katika Mwanzo 22 Mungu anamjaribu Ibrahimu. Katika Mathayo 4 anayemjia Yesu jangwani anaitwa Mjaribu. Katika Kutoka 17 mambo yanageuka: watu wenye kiu ndio wanaomjaribu Mungu, na mahali pale pakaitwa Masa, jina linalotokana na kitenzi kilekile cha Kiebrania kilichotumika kwa Ibrahimu. Yesu anapomjibu Mjaribu kuhusu kujirusha kutoka kinara cha hekalu, anarejea agizo la Kumbukumbu la Torati 6:16, na agizo hilo linaitaja Masa.

Ndiyo maana Yakobo sura ya kwanza huwatatiza wengi. Aya ya 2 inawataka ndugu wayaone majaribu kuwa furaha; aya ya 13 inakana kwamba Mungu humjaribu mtu yeyote. Mzizi ni uleule katika Kigiriki, na Muungano imeuacha uleule katika Kiswahili. Ningekuwa mfasiri, nisingethubutu kumsaidia Yakobo. Msomaji na akwame pale alipokwama msomaji wa kwanza.

(Watu wa maabara, kwa upande wao, wamejichukulia "majaribio" na kuliachia kanisa "majaribu". Tofauti ni irabu za mwisho tu, na hakuna anayekosea.)

Hata hivyo jaribu limetupotezea kitu. Kigiriki kina neno jingine, dokimion, lenye harufu ya karakana, la kuthibitisha madini kama ni halisi. Petro analitumia katika waraka wake wa kwanza, 1:7, akitaja dhahabu na moto. Kwetu nalo limekuwa "kujaribiwa", likameza tofauti yote. Afadhali Mithali 17:3, ambapo mfasiri alipata kalibu na tanuru, maneno ambayo sonara yeyote angeyatambua. Sonara haiingizi dhahabu motoni kwa kuichukia. Anataka takataka zijitenge.

Majirani zetu Waislamu wa pwani wakipatwa na msiba husema ni mtihani, na wala hawafikirii darasa. Lakini neno linalonisumbua zaidi ni fitina. Wanaleksika wa Kiarabu huihusisha fitna na kuyeyusha dhahabu na fedha motoni ili safi itengane na chafu, na katika Kurani limebaki na maana ya jaribu. Moto wa Petro umo humo kabisa. Lilipofika kwetu likaacha tanuru nyuma, likahamia midomoni mwa watu. Sasa hakuna mfasiri atakayelirudisha kwenye Yakobo 1:2: hebu waambie waumini Jumapili asubuhi wafurahi wakiangukia katika fitina mbalimbali, uone kwaya itakavyotazamana.