Siku 90 Bila Karatasi: Majaribio ya Kazi Kabuga

Hoja ya kutetea kipindi cha majaribio inajulikana, na kwa kiasi fulani ni ya haki: vyeti na usaili havitoshi kumjua mtu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kukiita kipindi hicho usaili wa vitendo. Sawa, lakini usaili huwa na maswali. Aliyefagia na kupakua mizigo miezi mitatu, kisha akaambiwa ameshindwa bila kujua alikuwa anapimwa kwa lipi, alisailiwa nini?

Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, ilijaribu kulijibu swali hilo. Majaribio yasizidi miezi 3. Mwajiri akitaka kuyaongeza, sharti amtathmini mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Tanzania haijafika huko: kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinawaacha nje ya kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki wote ambao hawajatimiza miezi 6 kazini.

Ila sheria hiyohiyo ya Rwanda inaruhusu mkataba wa mdomo, mradi usizidi siku 90 mfululizo. Viweke vipimo hivyo viwili pamoja: muda wa kujaribiwa na muda wa kuajiriwa bila maandishi vinakaribia kulingana siku kwa siku. Mfanyakazi anayehitaji zaidi ushahidi wa tathmini ndiye anayeruhusiwa kisheria kutokuwa na karatasi yoyote.

Kabuga, pembezoni mwa Kigali kwenye barabara ya Rwamagana, pengo hilo si la nadharia. Katika gereji, baa, saluni na maduka ya vifaa vya ujenzi, kazi huanza kwa maneno: njoo kesho, tutaona. Tuseme mhudumu wa mgahawa anaachishwa siku ya 85. Akilalamika kwa mkaguzi wa kazi wa Gasabo, wilaya ilimo Kabuga, mwajiri ana majibu mawili mkononi: alikuwa kwenye majaribio, au alikuwa kibarua tu. Atachagua linalomfaa siku hiyo. Hapo ndipo naona dhuluma yenyewe: upande mmoja unaupa mkataba jina baada ya kuuvunja.

Kenya ilishika njia nyingine. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi walibatilisha kifungu cha 42(1) cha Sheria ya Ajira, kilichowanyima walio kwenye majaribio haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa. Hukumu njema, ingawa kusikilizwa pasipo vigezo vilivyotajwa mapema kunaweza kugeuka kikao cha kutimiza wajibu tu.

Dawa iliyo karibu zaidi ni kanuni ya ushahidi: pasipo maandishi, pasidhaniwe kuwa kuna majaribio. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaruhusu walio kwenye majaribio wakose kinga pale tu muda huo ulipopangwa tangu mwanzo na ni wa kiasi. Mwajiri anayetaka nafuu hiyo na aiandike: kazi gani, ujira gani, vigezo gani vya kupimwa. Mistari mitatu, hata kwa ujumbe wa simu. Asipoiandika, kumwachisha mtu bila sababu kumfikishe kwenye fidia ambayo sheria ya Rwanda tayari inaiweka kati ya mshahara wa miezi 3 na 6 baada ya makato.

Watasema ajira zitapungua. Sidhani. Mgahawa unaomwachisha mhudumu siku ya 85 huwa na mwingine asubuhi yake, kwa sababu meza bado zinahitaji mtu. Idadi ya kazi haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba hesabu ya siku imeanza tena kwenye moja.