Fobia: hofu inayokua kadiri inavyokimbiwa

Mkulima anayeruka nyuma baada ya kukutana na koboko shambani hana maradhi. Hofu yake imemwokoa. Fobia ni jambo jingine. Wanasaikolojia hulitumia neno hilo pale hofu ya kitu au hali fulani inapozidi mno hatari iliyopo, inapodumu kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na inapomzuia mtu kufanya kazi, kusafiri au kutafuta matibabu. Mara nyingi mwenyewe anafahamu kwamba hofu yake imepita kiasi. Kufahamu huko hakumponyi, wala kuambiwa "acha woga" hakumponyi.

Fobia ni sehemu tu ya maradhi ya wasiwasi, ambayo kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yaliwapata watu milioni 301 mwaka 2019. Wamo wenye wasiwasi wa jumla, wanaohangaika karibu kila siku kwa mambo mengi bila kutulia. Wamo wanaoogopa kutazamwa na kuhukumiwa na watu. Na wamo wanaopatwa na mshtuko wa hofu wa ghafla, moyo ukienda mbio, pumzi zikibana, mtu akiamini kwamba anakufa. Mshtuko huo hufika kilele ndani ya dakika chache. Wengine hudhani ni ugonjwa wa moyo (na si vibaya moyo upimwe kwanza), wengine hudhani ni majini. Aliyepatwa nao ndani ya basi huenda asipande basi tena.

Kiwewe kinachofuata vita au mauaji, ambacho Wanyarwanda hukiita ihahamuka, hakimo tena katika kundi hili: mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili ulikitenga katika toleo la mwaka 2013.

Kinachoidumisha fobia ni kukwepa. Kila mtu anapokikimbia anachokiogopa, hofu hushuka papo hapo, na nafuu hiyo huufundisha ubongo kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Hapati kamwe nafasi ya kuona kwamba mbwa wa jirani asingemuuma.

Tiba huigeuza kanuni hiyo. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones alieleza kisa cha mtoto Peter aliyemwogopa sungura: mnyama alisogezwa karibu kidogo kidogo huku mtoto akila chakula akipendacho, mpaka hofu ikamtoka. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyewahudumia askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kuona kwamba dawa haziondoi hofu zao, aliipangia njia ya namna hiyo utaratibu katika kitabu cha mwaka 1958. Mgonjwa huorodhesha anavyoviogopa kuanzia kidogo hadi kikubwa, hujifunza kuulegeza mwili, kisha huvikabili kimoja baada ya kingine. Siku hizi mkazo uko zaidi kwenye kukabili kuliko kulegeza mwili.

Fobia ya damu na sindano ina njia yake, nayo ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi katika ukanda wetu, kwa kuwa humnyima mtu kipimo cha malaria, chanjo au kliniki ya ujauzito, huku wahudumu wakiichukulia kuwa utoto. Katika fobia nyingine shinikizo la damu hupanda. Katika hii hupanda kidogo, kisha huanguka ghafla, mtu akazimia. Kumwambia alegeze mwili kunaweza kuharakisha kuzimia huko. Mwanasaikolojia wa Sweden Lars-Göran Öst alifundisha kinyume chake: mgonjwa hukaza misuli ya mikono, kifua na miguu kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka ahisi joto usoni, kisha huiachia bila kulegea kabisa, hungoja kama nusu dakika, na kurudia mara kadhaa. Mkono unaochomwa sindano ndio pekee unaoachwa ulegee.