Uyoga chini ya lenzi: walisogea karibu ili waone nini? (Sehemu ya 6)

Wapendwa, leo tunatoka wodini kidogo. Wengi mmeziona zile picha za uyoga wa porini zilizopigwa kwa karibu mno. Kuta nyembamba za chini ya kofia zinakuwa kama mawimbi, ama kurasa za kitabu, hujui tena kama ni uyoga. Tumefikaje huku?

Mwaka 1665, Uingereza, Robert Hooke alitoa kitabu kiitwacho Micrographia. Alitazama kwa hadubini ukungu ulioota kwenye jalada la kitabu, akauchora. Kumbe vile vidoa vyeupe ni bustani nzima! Kamera hazikuwepo, mkono ndio ulikuwa kamera.

Miaka ya 1890 akaja Beatrix Potter, huyu huyu wa hadithi za sungura Peter. Alichora uyoga kwa rangi, mmoja baada ya mwingine, akaotesha spora na kuzichungulia kwa hadubini. Mwaka 1897 andiko lake lilisomwa Linnean Society, London. Mwenyewe hakuwepo kikaoni, maana wanawake hawakuruhusiwa.

Halafu 1928. Berlin, mwalimu wa sanaa Karl Blossfeldt anachapisha Urformen der Kunst, picha za mimea zilizokuzwa hadi chipukizi linafanana na chuma cha mhunzi. Mwaka huo huo, London, Alexander Fleming anaona ukungu umeua bakteria kwenye kisahani cha maabara. Picha ya kisahani aliichapisha 1929. Sindano za penisilini tunazochoma mpaka leo zilianzia hapo.

Mnaona tofauti? Hooke, Potter na Fleming walisogea karibu ili wajue kitu ni nini. Blossfeldt alisogea ili aone umbo. Hizi picha za uyoga tunazozipenda zinafuata njia yake: kofia, shina na udongo vinakatwa, inabaki mistari na rangi. Ni nzuri kweli, ila hazitambulishi uyoga.

Na hapa ndipo unesi unapoingia. Mtu anatuma kipande cha picha: "Sista, huu unaliwa?" Jamani, hapana. Amanita phalloides, uyoga unaoua, una kifuko chini kabisa ya shina, mara nyingi kimejificha udongoni. Picha ya karibu haikioni. Aliyeula anaweza kukaa saa 6 hadi 12 bila dalili yoyote, halafu anatapika na kuharisha. Baadaye anaonekana amepata nafuu, kumbe ini ndio linaharibika. Nafuu hiyo ni ya uongo, isiwarudishe nyumbani.

Kwa hiyo pigeni picha, wala msiache. Ila mtu akila uyoga msioujua, msingoje dalili. Mkimbizeni hospitali, na mbebe uyoga wenyewe uliobaki, mzima na kitako chake, kwenye mfuko wa karatasi.

Sehemu ya 7: penisilini ilivyotoka kwenye kisahani hadi kwenye sindano. Tukutane.